Njumu: Waya Ndani ya Mti

Katika karne ya kumi na tisa, msafara uliotoka pwani kwenda Tabora kwa njia ya kati ulipita Ugogo, na huko watemi walidai hongo: nguo, shanga na waya. Stanley naye aliilipa mwaka 1871. Waya wa shaba uliobaki Ugogo haukuwa malipo tu. Ulikuwa pia malighafi ya vikuku na mapambo mengine ya mwili.

Lakini kuuvaa waya ni jambo moja, na kuuzamisha katika kitu hata ukawa sehemu yake ni jambo jingine. Kazi hii ya pili huitwa njumu. Wakamba wa Kenya hupambia njumu ya waya viti vya wazee vya miguu mitatu. Mafundi wa China walitia dhahabu na fedha katika vyombo vya ibada zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na wahunzi wa Tibet hutia madini hayo katika zana za ibada za chuma.

Je, ni nini kinachoushika waya? Si lazima iwe gundi. Katika metali, fundi huchimba mfereji ulio mpana chini kuliko mdomoni. Waya laini ukigongwa hutanuka na kujifunga humo. Katika mti, mfereji huwa mwembamba kidogo kuliko waya, na nyuzi za mti zilizobanwa husukuma kurudi zilikotoka.

Kwa hiyo waya sharti uwe laini. Shaba ikigongwa hukakamaa, kwa kuwa mpangilio wa atomu katika fuwele zake huvurugika. Ikipashwa moto hadi iwe nyekundu, fuwele mpya huundwa na ulaini hurudi. Mwanafunzi aweza kulihakiki jambo hili, mwalimu akiwapo, kwa kipande cha waya wa shaba nyekundu. Aukunje mara nyingi hadi ukaidi, aupashe moto, kisha autumbukize majini: utakunjika kwa urahisi. Chuma cha pua kikifanyiwa vivyo hivyo huwa kigumu na chepesi kuvunjika, na tofauti hiyo yastahili kipindi kizima darasani.

Adui wa njumu ya mti ni kiangazi. Dodoma hupata mvua yake karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayofuata ni mikavu. Mti ukikauka hunywea sana kwa kukata nyuzi, bali kwa kufuata nyuzi hunywea kidogo mno. Waya haunywei. Basi waya uliolazwa kukata nyuzi huwa mrefu kuliko mfereji wake, nao huinuka.

Wengi huuchukulia nyundo papo hapo. Ni haraka mbaya: nafasi ya waya haipo tena, na kinachopasuka ni mti. Afadhali kiti kiondolewe juani, kingoje msimu wa mvua, ndipo waya ushindiliwe taratibu kwa kijiti.