Mizimu Iliyokula Yamini

Kusini mwa Mpanda, mtu akishapita Sitalike na kuingia Hifadhi ya Katavi, hufika penye uwanda mpana wa majani ambao wakati wa masika huwa ziwa, na wakati wa kiangazi hukauka hata viboko wakasongana kwa mamia katika mabaki ya tope ya mto Katuma; na karibu na ziwa hilo la Katavi umesimama mkwaju ambao Wabende, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wameuendea kwa taadhima tangu enzi za mababu zao. Ndani yake, kwa itikadi yao, anakaa Katabi, aliyekuwa katika uhai wake mwindaji hodari na baada ya kufa kwake akawa mzimu wa nchi, na waendao kumwomba baraka huacha sadaka zao shinani, zikauzunguka mti. Jina lake ndilo lililopewa ziwa, kisha hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa baadaye hata ikafikia kilomita za mraba 4,471, na hatimaye, mwaka 2012, mkoa mzima uliomegwa kutoka Rukwa. Basi kila barua itokayo ofisi ya mkoa huchukua juu ya karatasi yake jina la mzimu wa mkwaju. Walakini vijana wengi wa mjini, ukiwauliza Katabi ni nani, hutaja mbuga na wanyama, wakaishia hapo.

Nimelitanguliza jambo hilo kwa sababu nataka kueleza sikukuu za watu wakaao mbali sana nasi, katika mabonde ya milima ya Himalaya, na msomaji wa Katavi anastahili kuelezwa habari hizo kwa kupitia jambo lililo lake.

Watu hao ni Masherpa wa Khumbu, watu wa Lo katika Mustang, na wengine wa Ladakh na Bhutan, ambao dini yao ni ya Buddha, iliyotoka Bara Hindi na kukita mizizi huko kwa sura yake ya Kitibeti. Na mtu akiwatazama kwa mbali aweza kudhani kwamba dini kubwa kama hiyo, yenye vitabu na watawa na falsafa ndefu, ilipoingia milimani iliifukuza mizimu yote ya miamba, ya chemchemi na ya vilele. Sivyo. Masimulizi yao yasema kwamba katika karne ya 8 mfalme Trisong Detsen wa Tibet alitaka kujenga nyumba ya watawa mahali paitwapo Samye, na kila kilichojengwa mchana kilibomolewa usiku na mizimu ya nchi. Akaitwa mwalimu Padmasambhava, bingwa wa elimu za siri, naye baada ya kuishinda mizimu ile hakuiangamiza, bali aliilisha yamini kwamba tangu siku hiyo itailinda dini na waumini wake, na wao kwa upande wao wakabaki na wajibu wa kuipelekea sadaka. Ndiyo maana juu ya kijiji cha Khumjung upo mlima Khumbila, ambao Masherpa, wanaowapandisha wageni hata kwenye kilele cha Everest chenye mita 8,849, hawaupandi wenyewe wala hawampeleki mgeni, kwa kuwa ni makao ya bwana wa nchi yao.

Katika sikukuu zote zilizozaliwa na mapatano hayo, inayonigusa kuliko nyingine ni Tiji ya Lo Manthang. Mji huo mdogo, uliozungukwa na ukuta wa udongo, uko kaskazini mwa Nepal, zaidi ya mita 3,800 juu ya bahari, nyuma ya milima ya Annapurna na Dhaulagiri ambayo huyazuia mawingu ya mvua yasivuke. Kwa hiyo nchi ni kavu, na mashamba ya shayiri hutegemea mifereji ya maji ya theluji iliyoyeyuka. Watu wa nchi ya namna hiyo wakisimulia vita vya wema na uovu, uovu huja kwa sura ya ukame. Hadithi ya Tiji ni ya Dorje Jono, aliyepigana na baba yake mwenyewe, jini aliyeikosesha nchi maji na kuiletea njaa, hata akamshinda na maji yakarudi. Kwa siku tatu, aghalabu mwezi wa Mei, watawa huicheza habari hiyo katika uwanja ulio mbele ya jumba la wafalme wa Lo. Ukutani hushushwa pazia kubwa la kale lenye sura ya Padmasambhava, nalo hupokewa na watu kwa kuinamiwa. Matoazi na ngoma hulia, na baragumu za shaba, ndefu kuliko mtu, hata ncha zake hazina budi kuegemezwa, hutoa sauti nzito itetemeshayo kifua. Na mcheza mkuu, ambaye kabla ya siku hizo alikwisha kujitenga kwa miezi katika faragha ya sala, huzunguka polepole, mguu mmoja juu, joho la hariri likitanda pande zote. Siku ya tatu watu wote hutoka nje ya kuta, na mabaki ya uovu, yaliyofanyizwa mfano wake, huangamizwa kwa mishale na kwa milipuko ya magobori ya kale, ambayo mzee yeyote wa huku kwetu Katavi aliyepata kuwinda angeyatambua mara moja.

Ufalme wa Nepal ulifutwa mwaka 2008, na cheo cha mfalme wa Lo kikafutwa pamoja nao. Mfalme huyo wa mwisho, Jigme Dorje Palbar Bista, akafariki mwaka 2016. Tiji haikukoma.

Masherpa nao wana Mani Rimdu, ambayo huadhimishwa kwa mwezi mwandamo, kati ya Oktoba na Novemba, katika nyumba ya watawa ya Tengboche, kwenye mita 3,867, yaani juu kidogo ya kituo cha Horombo wanapolala wapandao Kilimanjaro. Huko watawa huchora kwa mchanga wa rangi, punje kwa punje, nakshi ya mviringo ambayo huwachukua siku nyingi, na baada ya ibada huifagia yote, mchanga ukapelekwa kwenye chemchemi. Watu hugawiwa vidonge vidogo vilivyosomewa dua, kwa ajili ya maisha marefu. Kisha hutoka wachezaji wenye barakoa, na miongoni mwao mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, ambaye humvuta mtazamaji mmoja uwanjani na kumfundisha kusujudu kwa namna ya kuwachekesha watu wote, na watoto humngojea yeye kuliko walinzi wa dini wenye meno na macho ya kutisha. Tengboche ilianguka kwa tetemeko la ardhi la mwaka 1934, ikajengwa. Ikateketea kwa moto Januari 1989, ikajengwa tena.

Siri ya kudumu kwa mambo hayo sioni kuwa ni umbali wa nchi zao, kama wasemavyo waandishi wengi wa safari, maana zipo nchi za mbali ambazo mila zake zimekufa bila mgeni hata mmoja kufika. Naiona katika sikukuu nyingine ya Masherpa, isiyosifiwa sana, iitwayo Dumje, ambayo hufanyika kijijini kabla mifugo haijapandishwa malisho ya juu. Kila mwaka kaya chache hushika zamu ya kuwalisha wanakijiji wote, na zamu hiyo huzunguka nyumba hadi nyumba. Mtu hujua miaka kadhaa mbele kwamba mwaka wake unakuja, akaweka akiba ya nafaka, na aliyekwenda mbali kutafuta riziki hurudi kuutimiza, kwa kuwa ni aibu kubwa kushindwa. Kwa hiyo yamini ile ya mizimu ina upande wa pili, nao ni yamini ya binadamu, kila nyumba kwa zamu yake.

Wala tusidhani kwamba dini hiyo ni ya mbali tu, maana katika Tanzania yenyewe Ubuddha si mgeni mtupu. Wasinhala waliotoka Ceylon walijenga hekalu lao Upanga, Dar es Salaam, karibu karne moja iliyopita, wakapanda mche uliotokana na mti mtukufu wa Anuradhapura, ambao nao ulitokana na ule ambao chini yake Buddha alipata nuru. Na kila mwaka huadhimishwa humo Vesak, sikukuu ya kuzaliwa kwake, kupata kwake nuru na kufariki kwake.

Nikirudi kwenye mkwaju wa Katabi, naona kwamba mti upo na jina lipo, ila zamu ndiyo iliyopotea. Nchi hii imepokea mengi kwa muda mfupi: misafara ya Waislamu, Mapadri Weupe waliokabidhiwa Karema mwaka 1885, reli iliyotoka Kaliua kufuata madini ya risasi, wakimbizi wa Burundi waliopewa makazi Katumba baada ya mwaka 1972, wafugaji wa Kisukuma na mifugo yao, na mahali pa tambiko pakawa ndani ya mipaka ya hifadhi, ambamo mtu haishi wala haingii bila ruhusa. Simwambii Mwislamu wala Mkristo asujudu mbele ya mti, maana najua dini yake yasema nini, nami naiheshimu. Nasema kwamba Wabende wapewe siku yao katika mwaka, inayojulikana na askari wa hifadhi na watu wa mkoa, ambayo wanaotambika watafika kwenye mkwaju wao kwa heshima ya wenyeji, bila kuhesabiwa kuwa watalii, na kwamba koo zenye haki ya kazi hiyo ziandikwe na kupangiwa zamu. Wazee wajuao ni nini huwekwa shinani, kwa maneno gani na kwa mkono wa nani, ndio wa kuendewa kwanza, nao waendewe kiangazi hiki, wakati njia za vijiji vya kandokando ya hifadhi zingali zapitika.