Zebaki Huingilia Puani

Mtu wa Kahama au Geita akiuliza kama samaki wa ziwani bado wanafaa kuliwa, mara nyingi kinachomsumbua ni zebaki. Anaiona inavyotumika mialoni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, anaona maji ya marudio, yaani mabaki ya mchanga huo, yakitiririka bondeni, na anaamini mabonde yote humwaga Ziwa Victoria. Hofu hiyo ina msingi wake. Ila vipimo vilivyofanywa katika ukanda huu tangu miaka ya 1990 vinaonyesha kwamba sumu yenyewe huwafikia watu zaidi kwa njia ambazo wengi hawazihofii.

Kazi ya zebaki kila mchimbaji mdogo anaijua. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na mchanga kuoshwa, zebaki hushika chembe za dhahabu, likabaki donge la rangi ya fedha. Donge huchomwa, zebaki ikapaa, dhahabu ikabaki. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba mwili hauipokei zebaki kwa namna moja. Mtu akimeza tone lake, karibu lote litatoka chooni. Akivuta mvuke wake, takriban asilimia 80 ya kilichofika mapafuni hubaki mwilini: huingia kwenye damu, hufika kwenye figo na ubongo, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Mvuke huo hauna rangi wala harufu ya kumshtua mtu. Kwa hiyo anayechomea donge jikoni, kwenye jiko lilelile la ugali, huwavutisha na waliolala chumba cha pili, hata kama hawajawahi kushuka duarani, yaani shimo la mgodi.

Mwaka 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda lilipeleka wataalamu Rwamagasa, mkoani Geita. Daktari Stephan Bose-O'Reilly wa Ujerumani na wenzake waliwapima watu 180 wa hapo, wakawalinganisha na 31 wa Katoro, mji ulio umbali wa kilomita 30 hivi. Walichukua mkojo, damu na nywele, wakachunguza pia mishipa ya fahamu. Katika wachomaji 104 waliopimwa, 25 walikutwa wameathirika kwa sumu ya zebaki. Watu wa Katoro hawakuwa na viwango vya kutisha. Aina ya zebaki iliyokutwa kwenye nywele za wachimbaji ilionyesha kwamba sehemu kubwa ilitokana na mvuke, wala si chakula. Dalili za sumu hiyo ni mikono kutetemeka, usahaulifu, kukosa usingizi na ladha ya chuma mdomoni, na ni rahisi mno kusingizia malaria, pombe au uchovu wa kazi.

Na samaki je? Hapa inabidi kwenda taratibu. Zebaki ikizama kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, na hii, tofauti na lile tone, hufyonzwa vizuri sana tumboni. Wadudu wa majini huila, samaki wadogo huwala wadudu, sangara huwala samaki wadogo, na kila ngazi kiwango hupanda. Hivyo ndivyo ilivyotokea Minamata, Japani, ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga uchafu wake baharini. Paka waliokula samaki wa ghuba ile walianza kuyumba na kuanguka, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi kwa binadamu.

Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alishirikiana na Hirokatsu Akagi, mtaalamu kutoka Minamata kwenyewe, kupima samaki wa upande wetu wa Ziwa Victoria. Viwango vilikuwa vya chini. Wanajiolojia wa Uingereza walipopima Rwamagasa, waligundua kwamba maji ya pale hayaendi Victoria kabisa. Hufuata Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika. Baadhi ya samaki wa vijito vilivyo jirani na mialo walikuwa na zebaki ya kutia wasiwasi. Kwa maneno mengine, mwogope kambale wa kijito cha marudio kabla ya sato wa sokoni.

Utafiti ulionishangaza zaidi ni wa daktari Masazumi Harada, aliyewatibu na kuwatetea wagonjwa wa Minamata kwa miaka mingi. Yeye na wenzake walipima nywele za wachimbaji 150, wavuvi na familia zao 103, na wakazi 19 wa jiji la Mwanza. Waliozidi kiwango kinachoweza kuleta ugonjwa wa Minamata hawakuwa wachimbaji peke yao; walikuwamo pia watu wa jamii ya wavuvi na wakazi wa Mwanza. Chanzo kilichoonekana wazi kilikuwa sabuni ya kujichubua yenye zebaki, nyingi ikitengenezwa Ulaya. Wachimbaji wasishangilie, maana nywele hazionyeshi vizuri mvuke uliovutwa. Mkojo ndio hueleza, na 14 kati yao walikuwa na dalili za sumu hiyo.

Miaka ya karibuni Elias Nyanza wa Chuo Kikuu cha Bugando, Mwanza, na wenzake wamewafuatilia wajawazito wa maeneo ya machimbo hadi kujifungua. Wanaoishi karibu na machimbo walikuwa na zebaki na aseniki nyingi kuliko wa mbali. Viwango vikubwa vilihusishwa na mimba kuharibika, watoto kuzaliwa wafu, na wengine kuzaliwa na uzito pungufu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo unakataza zebaki kwenye vipodozi na unataka uchomaji wa wazi na wa majumbani ukomeshwe. Kifaa cha kuzuia mvuke kipo: chungu cha chuma kinachofungwa, chenye bomba linalopoozwa kwa maji. Hurudisha sehemu kubwa ya zebaki itumike tena, na zebaki inanunuliwa kwa hela. Aliyeacha kuivuta hupoteza karibu nusu ya iliyomo mwilini kila miezi miwili hivi. Mkojo utaonyesha hivyo upesi, ingawa mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika huenda isirudi kama zamani.