Daraja la Maveterani Weusi katika Barabara Kuu ya Alaska

Kuipa barabara au daraja jina la kikosi cha jeshi ni desturi iliyoenea sana Marekani, ambako bunge la jimbo hupitisha sheria au azimio, kisha idara ya barabara husimamisha kibao chenye jina hilo kando ya njia. Mara nyingi kikosi kinachoenziwa kilipigana ng'ambo ya bahari, wala hakikuwahi kupakanyaga mahali penye kibao chake. Daraja la Mto Gerstle, katika Barabara Kuu ya Alaska, ni la namna nyingine kabisa, kwa kuwa jina la Daraja la Kumbukumbu la Maveterani Weusi, lililopewa mwaka 1993, linawaenzi askari wastaafu ambao waliijenga barabara yenyewe.

Japani ilipoishambulia bandari ya Pearl Harbor mwezi Desemba 1941, Alaska haikuwa na barabara ya kuiunganisha na sehemu nyingine za Marekani, na ilihofiwa kwamba adui angeweza kuikatia njia ya bahari. Kwa hiyo, mwezi Machi 1942, jeshi lilianza kufungua njia ya takriban kilomita 2,400 kutoka Dawson Creek, Kanada, hadi Delta Junction, Alaska, likitumia rejimenti saba za wahandisi, yaani vikosi vya askari waliofunzwa kujenga barabara na madaraja. Tatu kati ya hizo, yaani za 93, 95 na 97, zilikuwa za askari weusi chini ya maofisa weupe, kwa sababu jeshi la wakati huo liliwatenga askari kwa rangi zao.

Ubaguzi huo uliwafuata hadi msituni. Jenerali Simon Bolivar Buckner, kamanda wa majeshi huko Alaska, alipinga kuletwa kwao, nao wakawekwa mbali na miji, wakilala katika mahema hata baridi ilipokuwa kali mno. Rejimenti ya 95 iliachiwa sururu, mashoka na misumeno ilhali mitambo mizito ilipelekwa kwa vikosi vya weupe. Hata hivyo, askari wake walijenga daraja la mbao juu ya Mto Sikanni Chief kwa siku zisizozidi nne, kazi ambayo wakuu wao walidhani ingechukua muda mrefu zaidi. Kwingineko tatizo lilikuwa ardhi iliyoganda mwaka mzima, ambayo ikiondolewa kuvumwani inayoifunika huyeyuka na kuwa tope la kumeza magari, hivyo wajenzi wakajifunza kuiacha ilivyo na kutandika magogo juu yake.

Tarehe 25 Oktoba 1942, tingatinga la Refines Sims, askari mweusi wa rejimenti ya 97, lilikutana karibu na Beaver Creek na lile la Alfred Jalufka, askari mweupe aliyetokea upande wa pili, na njia ikawa imeungana.

Iliwachukua watawala zaidi ya nusu karne kuweka sifa ya askari weusi katika jina, nalo likapewa daraja moja tu katika barabara ndefu kiasi hicho, jambo ambalo ni malipo madogo kwa kazi iliyofanywa. Mwaka 2017, miaka 75 baada ya ujenzi, Alaska iliitenga kwa sheria tarehe 25 Oktoba kuwa siku ya kuwakumbuka askari hao, ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kufariki.