Mkono Uliovunjika Hauchuliwi

Msimu wa maembe unapoingia katika pwani yetu hii, kutoka Mtwapa hadi Mambrui, huingia pamoja na watoto kuanguka mitini. Anayeanguka hutanguliza kiganja ili ajikinge, na uzito wote wa mwili ukatua hapo. Katika nyumba zetu nyingi, jambo la kwanza ni kupasha moto mafuta ya nazi na kumchua. Hapo ndipo tunapotaka kusimama na akina mama leo.

Mwenyezi Mungu ameuumba mkono, tokea kifundo hadi ncha za vidole, kwa mifupa 27: 8 ya kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole. Mfupa mmojawapo ukivunjika, kuchua husogeza vipande, huzidisha uvimbe, na huweza kuumiza mishipa. Wala mtoto kuweza kuchezesha vidole si dalili kwamba ni mzima. Tazameni uvimbe, maumivu mahali pamoja, na kidole kinachompanda mwenziwe anapokunja ngumi.

Si miti pekee. Kuna pikipiki, mlango wa matatu, na mchi uliokosea kinu. Kuna na vijana wanaopiga ukuta kwa hasira wakavunja mfupa ulio chini ya kidole cha mwisho. Hao wakifika hospitalini husema wameteleza. Na mama aliyekwisha kukoma hedhi mifupa yake huwa imepungua uimara, hata kuanguka chooni kukamvunja kifundo.

Vueni pete na bangili mara moja, kabla mkono haujavimba. Tandikeni kitambaa, mweke banzi la ubao mwembamba au kadibodi, mfunge pasi na kukaza, kisha mtundike mkono shingoni kwa leso, kiganja kikiwa juu. Halafu aende hospitali, Malindi au Kilifi, akapigwe eksirei. Mivunjiko mingi hutiwa plasta kwa wiki 3 hadi 6. Mingine huhitaji vyuma. Kimfupa kilichoko chini ya kidole gumba huweza kutoonekana katika picha ya kwanza, basi daktari akiwaambia mrudi baada ya wiki mbili, rudini hata kama maumivu yametulia.

Waunga mifupa wetu tunawaheshimu, lakini banzi lililokazwa mno hukata damu. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au kubadilika rangi, lilegezwe saa ile ile; na kama ni plasta, mgonjwa arejeshwe hospitali bila kungoja asubuhi. Mkono hupotea kwa usiku mmoja.

Wengi hutuuliza kuhusu udhu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mgonjwa huosha sehemu iliyo nzima, akapaka maji juu ya plasta, na akatayamamu kwa ile isiyofikiwa na maji. Kupaka huko ni kwa kiganja chenye unyevu tu. Plasta ikilowa hulainika, na mfupa ukakosa cha kuushika.