Vinara wa Seli Moja: Kilindi cha Bahari na Tope la Nyasa

Kwa kuishi chini kabisa, taji ni la foraminifera, viumbe wa seli moja wanaojijengea ganda. Chombo cha Wajapani, Kaiko, kiliwatoa Challenger Deep, karibu mita 10,900, na taarifa ikatoka mwaka 2005. Wengi wao wana ganda laini, kwa kuwa chokaa huyeyuka kwenye kina kile. Kwa ukubwa, mtaje Syringammina fragilissima, aliyeelezwa na Henry Brady mwaka 1883 kutoka bahari ya Scotland: hufikia sentimita 20. Seli moja!

Kwa kuhifadhiwa, Tanzania imo. Mfinyanzi wa Kilwa na Lindi ulikuwa sakafu ya bahari yenye kina cha mamia ya mita, na haupitishi maji kirahisi, hivyo maganda yamebaki maangavu. Humo Paul Pearson na wenzake wamefuatilia mwisho wa Hantkenina, mwenye miiba, aliyetoweka miaka milioni 34 hivi iliyopita, barafu ya Antaktika ilipokuwa ikitanda.

Lakini taji la kutunza kumbukumbu ningelileta Ruvuma, kwenye maji yanayoonekana ukishuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi. Afrika linazidiwa na Tanganyika tu. Wavuvi wa Liuli hufuata usipa na mbasa maji ya juu, maana chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni. Samaki hawakai huko, wala mnyoo wa kuchimbua tope.

Kusi ikivuma, virutubisho hupanda kutoka chini na diatomu hustawi. Huu ni mwani wa seli moja wenye ganda la silika. Otto Müller aliuchambua na mwaka 1903 akampa mmoja jina Surirella fuellebornii, kwa heshima ya daktari Friedrich Fülleborn aliyekusanya sampuli. Ukifa, maganda huzama na kuacha utando mweupe. Mvua huleta tope jeusi juu yake. Penye utulivu, utando hufuatana mwaka kwa mwaka.

Mwaka 2005 watafiti walitoboa mita 380 chini ya sakafu ya ziwa, wakapata historia ya zaidi ya miaka milioni 1.2, pamoja na ukame uliowahi kushusha maji kwa mamia ya mita. Tope hilo linatunzwa Minnesota, Marekani. Natamani kipande chake kionyeshwe Mbinga, watoto wahesabu wenyewe tabaka za ziwa lao.