Je, Wajua? Waliozika Wengi Wakafika Miaka Mia

Je, wajua kuwa Jeanne Calment wa mji wa Arles, Ufaransa, anayetambuliwa kuwa binadamu aliyeishi miaka mingi kuliko wote, alikizika kizazi chake chote? Alizaliwa Februari 1875, akafariki Agosti 1997 akiwa na miaka 122 na siku 164. Binti yake wa pekee alifariki 1934, mumewe 1942, na mjukuu wake wa pekee akafa kwa ajali ya gari 1963. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90, aliuza nyumba yake kwa mkataba wa kulipwa kila mwezi hadi kufa kwake. Mnunuzi alilipa miaka 30, akatangulia yeye kufa, na mjane wake akaendelea kulipa. Watu hukipenda kisa hicho cha nyumba. Mimi huniuma zaidi ile miaka 34 aliyoishi bila mtoto wala mjukuu, na bado akawa anapokea wageni na kuzungumza nao.

Je, wajua kuwa Emma Morano wa Italia, aliyefikisha miaka 117, alimzika mwanawe wa pekee akiwa mchanga, kisha mwaka 1938 akaachana na mume aliyekuwa akimpiga? Wakati huo sheria ya Italia haikuruhusu talaka.

Je, wajua kuwa ustahimilivu wa nafsi umepimwa kwa wazee wenyewe? Yi Zeng na Ke Shen, waliochunguza wazee wa China, walichapisha matokeo yao mwaka 2010: wenye miaka 94 hadi 98 waliokuwa wastahimilivu zaidi walikuwa na uwezekano wa kufika miaka 100 uliozidi wa wenzao kwa takriban asilimia 43. Afya ya mwili ilizingatiwa katika hesabu hiyo.

Je, wajua kuwa maandishi ya ujanani yanaweza kudokeza urefu wa maisha? Watawa 180 wa Marekani waliandika habari za maisha yao wakiwa na umri wa miaka 22 hivi. Miongo kadhaa baadaye, watafiti waligundua kuwa walioandika kwa furaha na shukrani zaidi waliishi miaka mingi kuliko wenzao. Utafiti huu una uzito wa pekee, kwa sababu chakula, makazi na kazi za watawa hao zilikaribiana sana.

Je, wajua kuwa Wayahudi wa Poland walionusurika mauaji ya Wanazi na kuhamia Israeli waliishi wastani wa miezi 6 na nusu zaidi ya wenzao waliohama kabla ya vita? Tafadhali tusiseme kwamba mateso hurefusha umri. Wengi waliokuwa dhaifu walikufa kambini, hawakuwepo wa kuhesabiwa.

Mwingine aliyenusurika mauaji ya Wanazi alikuwa Alice Herz-Sommer, mpiga piano Myahudi wa Prague. Katika kambi ya Theresienstadt alipiga muziki kwenye matamasha zaidi ya 100, huku akimlea mwanawe mdogo humo humo. Mumewe hakunusurika. Mwana naye alifariki 2001, mama akiwa na miaka 97. Aliendelea kupiga piano kila siku jijini London, akafariki 2014 akiwa na miaka 110.

Je, wajua kuwa Kimani Maruge wa Kenya, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, alianza darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84? Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimtupa kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani. Aliendelea kwenda shule akitokea kambini.

Je, wajua kuwa ustahimilivu huanza kujengwa utotoni? Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Kati ya waliokulia katika umaskini na nyumba zenye misukosuko, karibu theluthi moja walikua watu wazima imara na wenye kujiamini. Karibu kila mmoja wao alikuwa na angalau mtu mmoja aliyemshika mkono tangu udogo, na mtu huyo angeweza kuwa bibi au babu.