Kaskazini Jua Linapochomoza Saa Sita

Kwetu pwani, kaskazi ni upepo. Huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kwa karne nyingi ndio ulioyaleta majahazi kutoka Uarabuni hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Ni upepo wa joto, wa jasho na wa maembe. Kwa hiyo nilipoambiwa katika mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, kwamba dhoruba inayokuja inatoka kaskazini, sikio langu lilisikia joto. Dirishani theluji ilikuwa inapita kwa ubavu, kama mchanga unaomwagwa.

Tromsø ni mji wenye watu wapatao 77,000, na sehemu yake kubwa imejengwa juu ya kisiwa, kilomita zipatazo 350 ndani ya Duara la Aktiki. Una chuo kikuu, hospitali kubwa, bandari, na daraja refu la mwaka 1960 linalounganisha kisiwa na bara. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halipandi juu ya upeo wa macho. Milima nayo huongeza siku zake, hivi kwamba wenyeji wa mjini hulingojea hadi tarehe 21 Januari.

Lakini asidhani mtu kwamba ni giza la kutia kidole machoni siku nzima. Kuanzia asubuhi huingia weupe mwembamba kama wa alfajiri, halafu buluu, na kukaribia adhuhuri anga la kusini huwa la waridi. Kisha mambo hurudi nyuma kwa mpangilio uleule: waridi, buluu, giza. Ni alfajiri iliyounganishwa na magharibi bila mchana katikati. Mimi niliyelelewa na saa ya Kiswahili, ambayo huanza kuhesabu jua linapochomoza, nilipata taabu ya kweli. Saa moja ya nini, kama hakuna mawio? Niliamka nikala, nikalala, nikaamka tena, nikadhani nimelala hadi usiku wa pili, kumbe ilikuwa saa tisa ya mchana uleule.

Waislamu wa mji huu, wakiwamo Wasomali, walilazimika kulijibu swali hilo kwa uzito kuliko mimi. Wakati wa baridi jua halichomozi, na katikati ya mwaka halizami. Mtu afuturu lini? Wengi wao wamechukua saa za Makka, wakaswali na kufunga kwa ratiba ya mji ambao jua lake halijawahi kuwatupa. Jambo hilo lilinigusa sana.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja kutoka Uvira. Norway imewapokea wakimbizi wa Kikongo kwa miaka mingi, na baadhi yao wamepangiwa makazi huku juu kabisa. Yeye huhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee ya manispaa. Usiku wa kwanza alinipa soksi za sufu na vyuma vya kufunga chini ya viatu, vyenye meno ya kung'ata barafu. Nilipomweleza mipango yangu, siku kwa siku, aliisikiliza yote kwa utulivu, kisha akasema: "Baba, huku njia inafungwaka tu. Ikifungwa, unakaa, unakunywa chai."

Mpango wangu ulikuwa kupanda meli ya pwani hadi Honningsvåg, kufika rasi ya Nordkapp, kisha kurudi Tromsø kwa ndege ndogo siku ileile. Kwenye karatasi ulipendeza.

Meli hii ya pwani ina historia yake. Mwaka 1893 nahodha Richard With alianzisha safari za kudumu kati ya Trondheim na Hammerfest kwa meli ya mvuke iitwayo Vesterålen, wakati ambapo manahodha wengi waliona kusafiri usiku wa baridi kati ya miamba ile ni kujitakia mauti. Leo safari hiyo huanzia Bergen hadi Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi, ikigusa bandari 34. Kwenda na kurudi ni siku kumi na mbili. Watalii hupiga picha sitahani, huku chini wafanyakazi wakishusha friji, matairi na maboksi ya dawa. Kwa vijiji vingi ni basi, ni lori na ni posta kwa wakati mmoja, na ukikaa gatini saa tano za usiku Mzungu mzee akija kumpokea mjukuu wake, unaelewa kwa nini watu wa pwani hii wanaitaja meli kama sisi tunavyomtaja ndugu.

Kuna kipande cha njia kiitwacho Lopphavet ambapo visiwa vya kukinga huisha na bahari kuu huingia moja kwa moja. Hapo meza zilianza kutembea. Mhudumu alipita akigawa mifuko ya karatasi kwa upole wa muuguzi. Sikulala. Asubuhi tulitia nanga Hammerfest, mji uliowasha taa za umeme barabarani mwaka 1891, miongoni mwa miji ya mwanzo kaskazini mwa Ulaya, na ni haki yake, maana nani anazihitaji zaidi? Majira ya baridi ya 1944 na 1945 majeshi ya Ujerumani yaliporudi nyuma yaliuchoma mji huu pamoja na karibu jimbo zima la Finnmark. Ndiyo maana nyumba za huku karibu zote zina umri mmoja.

Honningsvåg tulifika salama. Nordkapp sikufika.

Rasi hiyo ni jabali la mita 307 lililosimama juu ya bahari, na hutangazwa kuwa ncha ya kaskazini ya Ulaya, ingawa rasi jirani ya Knivskjellodden huingia baharini zaidi kidogo. Kilomita kama 13 za mwisho za barabara hazina mti wala ukuta wa kuzuia upepo. Wakati wa baridi hakuna anayeruhusiwa kuziendesha peke yake. Magari hukusanyika kwenye kizuizi kwa saa maalumu, greda la theluji hutangulia, na msafara hulifuata taa kwa taa. Kabla ya kuondoka, dereva huulizwa kama ana mafuta ya kutosha, nguo za joto, sepetu na kamba ya kuvutia. Asiye navyo anaweza kuzuiwa. Ukiwa ndani ya msafara hugeuzi gari, na ukikwama hutoki nje, kwa sababu hatua chache kutoka mlangoni zinatosha kukupoteza. Kandokando ya barabara zimechomekwa fimbo ndefu zenye vibandiko vinavyong'aa, kwa sababu barabara yenyewe haionekani. Dereva anaendesha kwa kufuata fimbo.

Siku ile hata msafara haukwenda. Taa nyekundu, kizuizi chini, basi letu likageuka. Kulikuwa na abiria aliyesafiri kutoka nchi ya mbali kwa ajili ya dakika arobaini za pale juu, naye alilia waziwazi. Dereva alizima redio, akamwacha alie.

Chanzo cha haya yote kinashangaza, maana ni joto. Mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka upande wa tropiki za Atlantiki hupanda hadi huku na kuzuia bandari zisigande. Wastani wa Januari mjini Tromsø ni kama nyuzi nne chini ya sifuri tu. Bara ni habari nyingine: huko Karasjok, makao ya Bunge la Wasami, waliwahi kupima nyuzi 51.4 chini ya sifuri, tarehe 1 Januari 1886. Sasa hewa ya barafu ikiteremka kutoka Aktiki na kupita juu ya maji yale yenye uvuguvugu, huzaliwa dhoruba ndogo na kali, zinazoiva kwa saa chache na kupotea upesi. Asubuhi anga jeupe, adhuhuri huoni mkono wako. Dhoruba za aina nyingine, zilizo kubwa zaidi, hupewa majina: ile iliyoitwa Ingunn, ya mwisho wa Januari 2024, ilikuwa kali kuliko zote zilizoipiga Norway kwa zaidi ya miaka 30. Na tarehe 31 Machi 2023 maporomoko ya theluji kaskazini mwa nchi yaliua watu wanne kwa siku moja. Niliposoma hayo, ile taa nyekundu niliiangalia kwa macho mengine.

Ndege yangu ilifutwa jioni hiyo, ikafutwa tena kesho yake. Kiwanja cha Honningsvåg, kama vingi vya pwani hii, kina njia ya kurukia ya mita 800 hivi, na upepo unaokatiza kwa ubavu hauna mjadala. Jambo moja wasafiri wetu walijue: kwa sheria za Ulaya ambazo Norway inazifuata, ndege ikifutwa, hata kwa sababu ya hali ya hewa, kampuni ina wajibu wa kumpa abiria chakula na malazi. Mimi niliambiwa dirishani kwamba dhoruba si kosa la mtu, nikalipa hoteli mwenyewe. Dada aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ndiye aliyenieleza haki yangu, nikatunza risiti. Na treni? Haipo. Reli ya kutoka kusini huishia Bodø. Ile ya Narvik huingia Sweden kwenye migodi ya chuma ya Kiruna, nayo ilifungwa kwa takriban miezi miwili baada ya treni ya madini kuacha reli Desemba 2023.

Basi nilikaa, nikanywa chai. Mwenye nyumba ya wageni alituletea torsk wa kuchemsha, pamoja na ini na mayai yake. Ndiye samaki yule wa mafuta ya kijiko tuliyonyweshwa utotoni, yenye chupa iliyochorwa mvuvi aliyembeba mgongoni. Kuanzia Januari hushuka kwa makundi kutoka Bahari ya Barents kwenda kuzaa visiwani Lofoten, na wavuvi humwanika kwenye uchaga wa miti bila hata punje ya chumvi, akauke kwa upepo na baridi. Mtu wa ng'onda atauelewa ufundi huo mara moja, ingawa sisi tunategemea jua. Miili huuzwa zaidi Italia. Vichwa hupakiwa kwenda Nigeria, vikaungie mchuzi.

Siku ya tatu nilipanda meli ya kuelekea kusini, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, gizani. Tulifika Tromsø karibu saa sita usiku. Mama wa Uvira alikuwa gatini na koti la pili mkononi.

Tarehe 21 Januari watoto walitoka shuleni na walimu wao. Siku hiyo huliwa maandazi ya mviringo yenye jamu katikati, kwa heshima ya jua, liwe limeonekana au limefichwa na mawingu. Tulisimama pamoja na wengine tukitazama kusini. Ukingo mwekundu ulijitokeza juu ya mlima, watoto wakapiga kelele, mzee mmoja akavua kofia. Niliangalia saa ya mkono: ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Kabla ya saa saba jua lilikuwa limekwisha kutua.